Namba Iliyoanza na Sifuri Tisa

Namba ya mdogo wangu niliifuta mimi. Haikufutwa na simu, haikumezwa na mtandao, wala haikupotea hewani kati ya mashine mbili zisizoelewana, kama nilivyomweleza mama yangu kwa miaka minne, kwa utulivu na kwa maneno ya kitaalamu. Niliigusa kwa kidole changu mwenyewe, simu ikaniuliza kama nina uhakika, nikaijibu kwamba ninao.

Kwa umri wangu nilipaswa kuwa nimeshajizoea. Nina miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kusomea. Nina shahada mbili pia, na nazo kazi yake ni hiyohiyo.

Mdogo wangu ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Aliondoka kwetu Ibaba, milimani Ileje, akiwa kijana, akashuka Tunduma, akavuka mpaka akiwa utingo wa malori. Kila mwaka alikwenda mbali zaidi, Mpika, Kapiri, Ndola, Lubumbashi, na kila mwaka alirudi mara chache zaidi. Baba alipofariki, yeye alifika siku ya tatu baada ya maziko, akiwa na shati lenye mafuta ya gari na begi begani. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimamia kila kitu: jeneza, turubai, wapishi, hata wasifu wa marehemu, ambao niliuandika vizuri mno kuliko alivyoishi. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimezoea kusikilizwa. Nikamwambia mbele ya majirani, "Umekuja kumzika nani? Sisi tumeshamaliza."

Alikuwa ameshatua begi. Akalinyanyua tena.

Mama hakunigombeza. Ila tulipoleta saruji kulijengea kaburi la baba, alikataa. "Mwanangu hajatia udongo wake," alisema. Nyumbani kwetu kila mtoto hutupa konzi yake ya udongo kabla koleo hazijaanza kazi, na yeye hakuwa ametupa. Basi kaburi likabaki tuta. Mvua zikija linaota majani, mama analipalilia kwa jembe lilelile la mahindi, saruji inagandia stoo. Alikuwa anamsubiri mtoto mmoja mwenye konzi moja ya udongo.

Baada ya siku ile mdogo wangu alibadilisha namba, na mpya akampa mama peke yake. Namba yoyote ya Tanzania hakuipokea wala kuipigia, kwa sababu yoyote ingeweza kuwa mimi. Najua kwa kuwa zamani niliichungulia kwenye simu ya mama bila kuiandika popote, nikajaribu kwa simu tano za watu mbalimbali, na kweli, zote tano zilikuwa mimi.

Simu ya mama alimnunulia mdogo wangu huyo, akaituma kwa dereva wa lori. Ilikuwa Android ndogo yenye ufa kwenye kioo, ya laini mbili: moja ya Tanzania na moja ya Zambia. Kule Ibaba laini ya Zambia ililala mwaka mzima. Lakini mara mbili kwa mwaka mama alishuka kuja kukaa kwangu Tunduma, na nyuma ya nyumba yangu, ukisimama juu ya ngazi ya saruji ya tanki la maji, unaona mabati ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Hapo laini ile iliamka. Mama alisimama juu ya ngazi, ameupa mgongo ukuta, akampigia mwanawe kama mtu wa Zambia anayempigia mtu wa Zambia. Ndiyo maana namba yenyewe ilihifadhiwa kifupi, inaanza na sifuri tisa, haina msimbo wa nchi. Huku mpakani wengi tunafanya hivyo. Namba tunaiandika kama inavyopigwa pale tuliposimama, tunasahau kwamba kesho tutasimama kwingine.

Mimi nilibaki jikoni nikikoroga chai iliyokwisha korogeka zamani. Niliwasikia wakiongea Kindali chetu, na nilimsikia mama akicheka. Mama yangu hacheki hivyo akiwa nami. Akiwa nami huitikia.

Sasa, kuhusu zawadi. Nilikuwa nimenunua aifoni mpya, na ile ya zamani nikaamua kumpa mama. Niliwaambia watu kwamba ni kwa sababu ya macho yake, kwa kuwa maandishi ya simu ile yanaweza kukuzwa. Ukweli ni kwamba nilitaka kanisani Ibaba waulize, "Hiyo simu nani kakupa?" na asitajwe mwingine.

Alipokuja msimu ule nilimketisha sebuleni, nikaweka simu mbili mezani.

"Majina yako tunayahamisha, mama. Bila waya."

"Yanapita wapi?"

"Hewani."

Aliangalia hewa iliyokuwa kati ya simu mbili. Haikuwa nyingi. "Na yakianguka?"

"Hayaanguki."

Kwanza nilijaribu kwa bluetooth. Simu ya mama ikaitafuta aifoni, aifoni ikajifanya haipo. Nikazizima, nikaziwasha, nikazisogeza mpaka zikagusana kama watu wanaolazimishwa kupeana mkono. Wapi. Nikadhani bluetooth ya mama imekufa. Ili nihakikishe, nikamwita jirani yangu, mfanyabiashara wa vitenge ambaye yeye na mimi tunatenganishwa na ukuta usiozuia kitu, nikamtumia majina ya mama kwenye Android yake. Yalifika kabla hajamaliza kuuliza nataka nini.

"Yamekuja," alisema. "Niyafanyie nini?"

"Hakuna. Nilikuwa napima tu. Futa."

Akasema haya, akarudi kwa vitenge vyake. Dakika hiyo niliisahau kabisa, na katika mambo yote niliyosahau maishani, hilo ndilo pekee lililonisubiri.

Ndipo nikasoma maelekezo, jambo ambalo msomi hulifanya mwisho. Kumbe simu hizi mbili zina lugha tofauti ndani yake. Kinachotakiwa ni programu maalumu ya kuhamishia, na aifoni iwe tupu kama imetoka dukani. Nikaifuta yote. Ikawasha mtandao wake yenyewe, ikaonyesha tarakimu sita, nikaziandika kwenye simu ya mama, zikashikana. Zikae karibu, maelekezo yalisema, na usiguse chochote.

"Zinafanya nini?" mama aliuliza.

"Zinaambiana majina."

"Mbona hazisemi?"

"Zinasema kimoyomoyo, mama."

"Kama wewe na mdogo wako," alisema.

Robo saa baadaye majina thelathini na moja yalikuwa yamepita. Hakuna hata moja lililoanguka. Hilo nalisema wazi sasa kwa sababu kwa miaka minne nilisema kinyume. Simu zile zilifanya kazi yake vizuri kuliko watu wote waliokuwa chumbani.

Mchana uleule niliifuta Android ya mama nikaenda kuibadilisha kwenye kibanda cha simu kwa kioo cha kinga na chaja ya aifoni. Nilijiona mtu wa mipango. Laini ya Zambia nikaiweka kwenye kopo la sukari, kwa maana aifoni ile inapokea laini moja tu. "Ukija huku nitakuwekea," nilimwambia mama. "Hiyo moja inatosha."

Kisha nikakaa kupanga majina.

Mama hatuiti kwa majina yetu. Tangu tulipopata watoto, majina yetu kwake yalipumzishwa, na sote wawili ni mwanangu. Kwa hiyo kwenye simu tulikuwa Mwanangu na Mwanangu, kama mdogo wangu alivyotuandika kwa mkono wake. Mama hakutatizika hata siku moja, kwa kuwa yeye hakusoma majina. Alisoma mikia ya namba. Yangu iliishia na nne, ya mdogo wangu iliishia na sifuri.

Aifoni ikaniambia kwamba kuna majina mawili yanayofanana, na ikaniuliza kama nataka kuyaunganisha. Nikayaunganisha. Tukawa Mwanangu mmoja mwenye namba mbili. Ya juu ilianza na sifuri tisa. Ya chini ilikuwa yangu.

Hapa ndipo nimekuwa nikipita haraka kila nilipojisimulia. Nilijua ni namba ya nani. Nilijua pia kwamba bila msimbo wa Zambia haingepigika kwenye laini ya Tanzania, na nikajiambia nitaifuta kwanza, kisha niiandike upya kwa usahihi, na alama ya kujumlisha mbele, kama watu waliostaarabika. Haya yote ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba yake ilikuwa juu. Nilimpa mama simu ambayo Ibaba yote ingeizungumzia, na ndani yake yeye alikuwa juu, ametulia, mwana wa konzi ya udongo. Nikaifuta. Ndipo nikatafuta mahali pengine ilipoandikwa ili niinakili, na hapakuwepo.

Nilirudi kibandani mbio. Android ilikuwa imeshauzwa kwa mpita njia.

Mama alirudi Ibaba na simu yake kubwa. Miezi mitano baadaye alishuka tena. Nikatoa laini ya Zambia kwenye kopo, nikaipangusa sukari, nikamwekea. Akapanda ngazi ya tanki, akavaa miwani, akaitafuta. Nilikuwa jikoni. Sikukoroga kitu.

"Mwanangu," aliita, "ile ya sifuri mwishoni iko wapi?"

Ingekuwa rahisi. Maneno matatu yangetosha, na nimeshaandika makala nyingi kuhusu ujasiri. Nikatoka nje nikifuta mikono.

"Mama, simu hizi mbili ni za makampuni tofauti. Mifumo yake haielewani. Kuna majina hayakupita."

"Ulisema hayaanguki."

"Moja moja huanguka."

"Likaanguka hilo?"

"Ndiyo."

Alishuka ngazi taratibu, akiwa bado amenyoosha simu kuelekea Nakonde, pengine ingekumbuka. Wala laini yenyewe haikuwa na uhai tena, ilikuwa imekaa mno bila kutumika. Njia aliyompigia ilikuwa imefungwa kwa pande zote mbili, na pande zote mbili nilizifunga mimi.

Nilimtafuta mdogo wangu, msinifikirie vibaya kupita kiasi. Nilivuka Nakonde mara nne, nikatembea kwenye foleni ya malori nikiuliza madereva. Wengine walimjua mtu kama yeye, mwingine alisema alimwona Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, mwingine akaniuliza kama nimeolewa. Kila niliporudi nilimwambia mama kwamba kuna matumaini. Neno hilo nalifundisha vizuri, silitumii vizuri.

Na nikaandika makala. Hili nalo lazima niliseme. Niliandika makala ndefu kuhusu namna makampuni ya mbali yanavyozitenganisha familia zetu kwa kutengeneza simu zisizozungumza, nikamtaja mama mzee wa milimani aliyepoteza namba ya mwanawe. Ilisifiwa. Watu wasiowahi kufika Ileje waliniandikia kwamba wamelia. Nikaichapa, nikamsomea mama alipokuja. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umeandika vizuri, msomi," alisema. "Sasa wamesema watairudisha?"

Kaburi liliendelea kuwa tuta. Mwaka wa pili, wa tatu. Kila aliposhuka alipanda ngazi ya tanki na simu mkononi, akasimama kidogo, akateremka. Sikumwuliza anafanya nini. Mwaka huu alikuja na fimbo. Mguu umevimba, hospitali wamempa dawa na ushauri wa kutopanda milima, ushauri mwema kwa mtu anayeishi milimani. "Hii ndiyo safari yangu ya mwisho huku," aliniambia. "Kile kilima nikikipanda safari hii, sikishuki tena."

Siku ya Jumamosi asubuhi, tukiwa tunachambua maharage uani, jirani yangu wa vitenge akaingia bila hodi, simu imenyooshwa mbele kama anabeba mdudu.

"Shikamoo mama. Dada, nimevamiwa!"

"Na nani?"

"Na watu wa Ibaba! Simu imejaa, nasema nipunguze takataka, nakuta kifurushi sijui cha lini, nikakigusa. Haa! Yakaingia majina. Mchungaji, Duka la Mbolea, Mama Kwaya, Fundi Bati. Nikasema hawa wananidai nini? Halafu huyu hapa, ameandikwa Mwanangu, namba yako. Na huyu mwingine, Mwanangu tena, wa sifuri tisa. Ndiyo nikakumbuka, si yale ya bluetooth ya mwaka ule?"

Mama aliacha maharage. "Huyo wa pili anaishia na ngapi?"

"Na sifuri, mama."

Niliangalia ungo. Nilikuwa na punje moja mbovu mkononi na sikujua niiweke wapi.

Jirani yangu ni mtu mwema, na wema wake una sauti kubwa. "Lakini si ulituambia hayakupita? Umeandika mpaka makala! Mbona kwangu yamepita yote?"

"Kwako ni Android," nilisema. "Mfumo ni uleule, kwa hiyo..."

"Mwanangu," mama alisema.

Nikaiweka ile punje gotini.

"Kwenye ile uliyonipa, lilianguka?"

"Halikuanguka, mama. Lilifika. Nililifuta."

"Kwa bahati mbaya?"

Jirani alitazama pembeni, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Nilijua ni lake," nilisema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka minne kwa ajili ya dakika ile. Nilikuwa na maelezo, nilikuwa na machozi, nilikuwa hata na aya nzima kuhusu watoto wa kwanza. Mama hakuomba chochote kati ya hivyo. Alisogeza ungo kando, akatafuta fimbo yake.

"Haya," alisema. "Inuka, nisimamishe pale kwenye ngazi."

Tulimpandisha, mimi mkono huu, jirani mkono ule. Jirani anayo laini ya Zambia, biashara yake yote iko ng'ambo, kwa hiyo tulitumia simu yake. Akabonyeza namba kama ilivyokuwa, kifupi, akaweka sauti ya nje, akamshikisha mama.

Ikaita. Niseme kweli, katika miito ile minne au mitano niliamini. Nilimwona akiwa na begi begani anashuka kwenye lori. Nilijiona nikimwomba radhi kwa Kindali changu kilichochakaa, akinicheka.

"Halo, mulishani mukwai?" Ilikuwa sauti ya mwanamke akisalimia kwa Kibemba, na nyuma yake vyombo vinagongana.

Mama alimtaja mdogo wangu. Alimtaja kwa jina lake, lile lililopumzishwa. Sikuwa nimelisikia kinywani mwake kwa zaidi ya miaka kumi.

"Awe, bamayo," alisema yule mwanamke, yaani hapana, mama, kisha akahamia Kiswahili, kile cha kubahatisha ambacho watu wa kando ya barabara huokota kwa madereva. "Huyu hapana hapa. Mimi nauza chakula Mpika. Hii namba nimenunua dukani mwaka jana. Mwenyewe aliiacha siku nyingi, ndiyo wakaniuzia mimi."

"Hukumwona?"

"Hapana, mama. Mwanzo watu walipiga, madereva, wanamtaka yeye. Nauliza, yuko wapi? Wanasema hata wao hawajui, ndiyo maana wanapiga. Sasa hawapigi tena. Ni wewe tu."

Mama aliinamisha kichwa. Jirani alinyoosha mkono aichukue simu, mama akaizuia. Alipoongea tena, aliongea polepole, kama anavyoongea na mgeni aliyemkaribisha ndani. Alimwuliza habari za nyumbani kwake. Alimwuliza ana watoto wangapi, akaambiwa watatu. Alimwuliza kama biashara inatoka, akaambiwa inatoka kidogo, malori yamepungua. Alimpa pole kwa kusumbuliwa na simu za mtu asiye wake.

"Si neno, bamayo," yule mwanamke alisema. "Mimi nitasema nini, kama yeye akija?"

Mama alitazama mabati ya Nakonde, kisha akanitazama mimi niliyekuwa chini yake nimeshika fimbo.

"Mwambie mama yake alipiga," alisema. "Mwambie asihangaike kurudi. Kaburi la baba yake wiki ijayo tunalijengea."

"Nitamwambia."

"Asante, mwanangu," mama alisema, akairudisha simu kwa mwenyewe bila kujua ikatwe wapi.